HASIRA YA MWALIMU DARASANI: KUIELEWA NA KUITAWALA

Utangulizi

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hukaguliwa mambo mengi. Mkufunzi hutazama azimio la kazi, andalio la somo, zana, mwandiko wa ubaoni na namna ya kuuliza maswali. Hakuna safu yoyote katika andalio la somo inayouliza mwalimu atafanya nini pindi atakapokasirika. Hata hivyo kila mwalimu hukasirika, na dakika mbili za hasira zaweza kubomoa kazi ya muhula mzima. Mtoto aliyetukanwa mbele ya wenzake wakati wa somo la hesabu huchukia hesabu kwanza, kisha humchukia mwalimu, na mwishowe huichukia shule.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi kulielewa jambo hili. Tutaeleza hasira ni nini, hutoka wapi darasani, ina uhusiano gani na fimbo, na yatupasa kufanya nini. Hoja yetu kuu ni kwamba hasira haitawaliwi vizuri na mtu anayeanza kupambana nayo ikiwa imekwisha kupanda. Hutawaliwa kabla haijaja, kwa maandalizi ya mwalimu mwenyewe na kwa utaratibu ambao shule nzima imekubaliana.

Hasira ni nini?

Lugha yetu ina maneno kadhaa kwa jambo hili, na yafaa tuyatofautishe. Hamaki ni hasira ya ghafla, iwakayo na kuzimika upesi. Ghadhabu ni hasira kali iliyovuka mpaka. Kinyongo ni hasira iliyowekwa moyoni na kukaa siku nyingi. Uchungu ni maumivu ya moyo ambayo aghalabu huwa chini ya hasira yenyewe. Mwalimu ajuaye ni ipi kati ya hizi inayomsumbua amekwisha kupata nusu ya dawa. Hamaki hutibiwa kwa kusubiri kidogo, lakini kinyongo hakitibiwi kwa kusubiri. Kinyongo hutaka mazungumzo.

Hasira ina sehemu mbili: mwili na fikra. Kwa upande wa mwili, mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1915 kwamba mnyama au mtu aliyeghadhibika hutayarishwa na mwili wake kwa mapambano. Homoni iitwayo adrenalini humwagika katika damu, moyo hudunda kwa kasi, pumzi huwa fupi, na misuli hukaza. Matayarisho hayo yamfaa mtu aliyekutana na chui. Hayamfai mtu aliyekutana na mtoto wa miaka 8 ambaye hakuleta daftari. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwili hauwezi kurejea katika utulivu mara moja kwa kuamriwa. Huhitaji muda.

Kwa upande wa fikra, wanafalsafa wa kale waliona kwamba mtu hakasiriki kwa sababu ya tukio tu. Hukasirika kwa sababu ya maana anayolipa tukio lile. Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba msingi wa hasira ni mtu kudhani amedharauliwa pasipo haki. Fikra hiyo yatufaa sana sisi walimu. Mtoto akikukanyaga kwa bahati mbaya huumii moyo. Akikukanyaga nawe ukadhani amekusudia, unawaka. Mguu ni ule ule na maumivu ni yale yale. Kilichobadilika ni dhana yako.

Ieleweke pia kwamba hasira yenyewe si dhambi wala si ugonjwa. Mwalimu asiyekasirika aonapo mtoto mkubwa akimnyang'anya mdogo chakula chake ana kasoro. Hasira ni kengele: hutuambia kuna jambo halikwenda sawa. Kosa ni kuiachia kengele ifanye kazi ya hakimu.

Hasira ya darasani hutoka wapi?

Kama dhana ndiyo mzizi, basi mwalimu hana budi kuzichunguza dhana zake. Tuchukue mifano mitatu kutoka katika shule zilizo kando ya ziwa letu, kuanzia mitaa ya Mwanza mjini hadi visiwa vya Ukerewe.

Mfano wa kwanza ni wa mchelewaji. Mwanafunzi wa darasa la tano hufika saa mbili na nusu, siku tatu mfululizo. Mwalimu husema moyoni, "Huyu ananidharau." Lakini mwalimu anayeishi pwani ya ziwa anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, wakati hakuna mbalamwezi. Siku hizo mitumbwi hurudi alfajiri ikiwa na mzigo, na watoto wa nyumba za wavuvi huamshwa kusaidia kuanika. Mwalimu akifungua daftari la mahudhurio na kulitazama pamoja na kalenda ya mwezi, huenda akaona kwamba uchelewaji huja na giza na kuondoka na mbalamwezi. Dharau haifuati mwezi. Mtoto bado anapaswa kuwahi shuleni, na mzazi anapaswa kuzungumziwa. Lakini mwalimu aliyegundua sababu atamwita mzazi badala ya kumpiga mtoto kwa uamuzi usio wake.

Mfano wa pili ni wa lugha. Watoto wengi wa mikoa yetu huanza shule wakiwa na lugha ya nyumbani, iwe Kisukuma, Kikerewe au Kijita, na Kiswahili chao bado ni kichanga. Mtoto wa Kisukuma aweza kusoma "kula" palipoandikwa "kura," kwa kuwa ulimi wake haukulelewa na sauti ya r. Darasa hucheka, mwalimu hurudia mara ya tatu, na mtoto hunyamaza kimya akitazama chini. Mwalimu hudhani kimya kile ni kiburi. Nyumbani kwao, mtoto aliyefunzwa adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Alichokifanya ni heshima, nacho kikapokewa kama ufidhuli.

Mfano wa tatu haumhusu mtoto hata kidogo. Mwalimu ameamka na deni la kodi ya nyumba, ametembea kwa miguu mlimani, hakunywa chai, na ofisini ameulizwa kwa ukali habari za taarifa aliyochelewa kuikabidhi. Anaingia katika darasa lenye watoto themanini. Mtoto mmoja anaangusha kibweta, na dunia nzima inamwangukia mtoto yule. Hasira ya namna hii ni kama mzigo uliopakiwa kwingine na kushushwa darasani. Mtoto hana namna ya kuujua mwanzo wake. Anachojifunza ni kwamba mwalimu hatabiriki.

Kwa hiyo mwalimu aonapo hasira inapanda, ajiulize maswali mawili: "Nimedhani nini kuhusu mtoto huyu?" na "Je, hasira hii nimeikuta darasani au nimekuja nayo?"

Hasira na fimbo

Hatuwezi kuzungumzia hasira ya mwalimu tukaruka habari ya fimbo. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya msingi mjini Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa letu, alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Alikuwa ametuhumiwa kuiba mkoba. Mwezi Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu huyo kwa kosa la mauaji. Tunalitaja tukio hili kwa huzuni, kwa kuwa kila mwanachuo anapaswa kufahamu umbali mfupi uliopo kati ya fimbo iliyoshikwa kwa hasira na msiba.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilizotolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ziliweka masharti. Adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa tu. Hutolewa na mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Umri, jinsi na afya ya mtoto vizingatiwe. Mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike, ila pale ambapo hayupo. Na adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Mwanachuo aliye katika mazoezi asijidhanie kuwa na ruhusa ambayo hakupewa.

Tukiyatazama masharti haya kwa makini tutaona jambo moja linayaunganisha: karibu yote hurefusha muda. Kutafuta idhini, kumpeleka mtoto kwa mkuu wa shule, kuuliza habari za afya yake, kufungua daftari na kuandika. Kila hatua huweka nafasi kati ya hasira na mkono. Mwanafalsafa Mrumi, Seneca, aliyeandika vitabu vitatu juu ya hasira karibu miaka 2,000 iliyopita, alishauri vivyo hivyo kwamba kuchelewesha ndiyo tiba iliyo kubwa. Mwalimu anayechapa papo hapo, mbele ya darasa, mkono ukitetemeka, amevunja kanuni na ameitupa tiba.

Majirani zetu wamekwenda mbele zaidi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikafanya hivyo kwa sheria mwaka 2016. Mwalimu wa Tanzania naye hazuiwi na kanuni yoyote kuiacha fimbo kabisa. Kanuni humwekea mipaka anayeitumia. Hazimlazimishi mtu kuitumia.

Wako wanaosema kwamba kuchapa humsaidia mwalimu kuitoa hasira ili arudi kufundisha ametulia. Mwaka 2002 Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa matokeo ya jaribio lililoonyesha kinyume chake. Watu waliokasirishwa, kisha wakapewa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimfikiria aliyewakasirisha, walizidi kukasirika. Hasira si maji ya mtungi ambayo ukiyamwaga yamekwisha. Yafanana zaidi na moto uliochochewa. Wahenga wa pwani walisema: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Mkizi ni samaki wa bahari ambaye akighadhibika huruka juu na kuangukia ndani ya chombo. Mwalimu akiwaka mbele ya darasa, wale wachokozi wawili watatu walioketi nyuma ndio wavuvi. Wao hufurahi, na somo ndilo linalovuliwa.

Kwa nini kujizuia peke yake hakutoshi

Tulisema mwanzoni kwamba hasira hutawaliwa kabla haijaja. Uchunguzi wa aina mbili uliofanyika katika nchi zetu unatupa la kufikiri.

Mwaka 2019, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, walimu wa shule za kambi walipewa mafunzo ya takribani wiki kumi yaliyohusu kuyatambua mawazo yao, kujituliza, kuwaelewa wanafunzi na kuliongoza darasa. Walimu wenyewe ndio waliowaongoza wenzao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba upigaji wa wanafunzi ulipungua kuliko katika shule ambazo hazikupata mafunzo.

Katika wilaya ya Luwero, nchini Uganda, shule 42 za msingi zilichunguzwa. Nusu ya shule hizo zilifuata kwa miezi 18 mpango wa Shule Njema ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala. Mpango huo haukumgusa mwalimu peke yake. Ulimhusisha mwalimu mkuu, walimu wote, kamati za wanafunzi na wazazi, na shule ikajiwekea malengo yake. Mwishoni, katika shule zilizofuata mpango, wanafunzi 31 katika kila 100 walisema walipigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita. Katika shule nyingine walikuwa 49. Idadi ya 31 bado ni kubwa mno, lakini tofauti ni ya kweli.

Mazingira ya kambi si sawa na ya Luwero, na sababu zaweza kuwa nyingi. Hata hivyo sisi tunapata hapa fundisho moja. Mwalimu mmoja aliyejifunza kujituliza, akirudi katika ofisi ambamo wenzake humcheka kwa "kuwadekeza" watoto, katika darasa lililofurika na shule isiyo na njia nyingine ya kurekebisha makosa, ataishikilia nia yake njema wiki chache tu. Utulivu wa mtu mmoja huhitaji kuegemezwa na utaratibu wa wengi.

Njia za kuitawala hasira

Njia zifuatazo zimepangwa kwa kufuata wakati: kabla, wakati na baada.

Kabla ya hasira. Kwanza, andaa somo. Sehemu kubwa ya fujo ya darasani huzaliwa katika dakika ambazo wanafunzi hawana kazi kwa kuwa mwalimu angali anatafuta ukurasa. Pili, wekeni pamoja na wanafunzi kanuni chache za darasa, nne au tano, zilizoandikwa kwa lugha nyepesi. Kanuni ambayo mtoto alishiriki kuitunga, akiivunja huwa amevunja ahadi yake mwenyewe, na mwalimu haoni kama ametukanwa yeye. Tatu, chagua ishara moja ya kuleta ukimya, kama vile kupiga makofi kwa mpangilio unaojibiwa na darasa, ili usilazimike kupaza sauti. Nne, kwa wiki mbili andika katika daftari dogo kila ulipokasirika: saa, jambo lililotokea, ulilodhani, ulilofanya na lililofuata. Wengi watagundua kwamba hasira zao huja saa zile zile na kwa mambo yale yale. Anayejua kwamba huwaka kila siku saa sita mchana, njaa ikiuma, ataweka kazi ya kuandika saa hiyo, na atakunywa chai mapema.

Wakati wa hasira. Weka chini chochote ulichoshika, hata kama ni chaki. Mkono mtupu hukawia kupiga. Usimsogelee mtoto, simama ulipo au rudi hatua moja nyuma. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, mara nne au tano. Teremsha sauti badala ya kuipandisha, kwani darasa hulazimika kunyamaza ili lisikie. Lipe darasa kazi fupi ya kuandika, kisha mwambie mhusika sentensi moja tu: "Jambo hili tutalizungumza baada ya kipindi." Sema juu ya kitendo, usiseme juu ya mtu. "Umemrushia mwenzako jiwe" ni maelezo ambayo mtoto aweza kuyajibu. "Wewe ni mhuni kama kaka yako" ni hukumu isiyo na rufani, na itamfuata mtoto miaka mingi.

Baada ya hasira. Mwite mtoto kando, si mbele ya wenzake, na uanze kwa kuuliza kabla ya kushtaki: "Ilikuwaje?" Halafu uliza nani ameumia kwa kitendo kile, na lifanyike nini ili kukirekebisha. Rekebisho lifanane na kosa. Aliyechafua ukuta ausafishe. Aliyepasua daftari la mwenziwe asaidie kulinakili upya. Aliyepitwa na somo kwa kuchelewa apangiwe wakati wa kulifidia. Mwisho, kama mwalimu alimwonea mtoto, amwombe radhi. Wako wanaohofu kwamba radhi huondoa heshima. Watoto hujua vizuri nani amewaonea, radhi iwepo isiwepo. Kinachowashangaza na kubaki mioyoni mwao ni mtu mzima aliyekiri.

Kwa upande wa shule, walimu wapendekeze katika kikao mapatano mepesi: kwamba hakuna kosa litakaloadhibiwa ndani ya kipindi lilimotokea, kwamba mwalimu aliyekosewa si yeye atakayeamua adhabu peke yake, na kwamba mwalimu aliyezidiwa aweza kumwomba mwenzake wa darasa la jirani amshikie darasa dakika tano, bila kuchekwa. Kamati ya shule ielezwe mapatano hayo, kwa kuwa wako wazazi wanaokuja wenyewe kumsihi mwalimu amchape mtoto. Mzazi wa namna hiyo asidharauliwe. Asikilizwe, kisha aelezwe utaratibu uliopo.

Hasira ya mwanafunzi

Watoto nao hukasirika, na hujifunza namna ya kukasirika kwa kututazama. Mtoto wa darasa la kwanza mara nyingi hana neno la kuitaja hali yake, ndiyo maana huuma, husukuma au hulia. Mfundishe maneno: "nimekasirika," "nimeonewa," "naona aibu." Hadithi za sungura na fisi zatoa nafasi nzuri ya kuuliza: "Fisi alihisi nini? Angefanya nini kingine?" Mtoto awezaye kusema "nimeonewa" hahitaji sana kurusha jiwe. Lakini mwalimu ajue kwamba hataeleweka akifundisha haya kwa mdomo huku mkono wake ukifundisha kinyume.

Hitimisho

Darasa litaendelea kumkasirisha mwalimu, kwa kuwa watoto ni watoto na shida za maisha hazitakwisha. Tofauti ya mwalimu mwenye ujuzi na asiye nao haimo katika kukasirika. Imo katika kile alichokitayarisha siku za nyuma: kanuni zilizokubaliwa, kazi iliyoandaliwa, mwenzake wa kumshikia darasa, na desturi ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Mwanachuo anayeanza kuvijenga vitu hivyo katika mazoezi yake ya kwanza atakuta vimekwisha kuwa tabia siku atakapokabidhiwa darasa lake mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Toa mifano miwili ya matendo ya mwanafunzi ambayo mwalimu mgeni katika sehemu za ziwani aweza kuyadhania kuwa ni dharau. Kila kimoja kina maelezo gani mengine?

2. Eleza tofauti kati ya hamaki na kinyongo. Mwalimu afanye nini kwa kila kimoja?

3. "Mwalimu asiyechapa haheshimiwi." Jadilini kauli hii katika vikundi, mkitumia mfano wa shule mlizosoma na habari za Luwero.

4. Andika mapatano matatu ambayo ungependa kuyapendekeza katika kikao cha walimu cha shule utakayofanyia mazoezi. Taja ni nani huenda akayapinga, na utamjibuje kwa heshima.

5. Kazi ya wiki mbili: weka daftari la hasira kama lilivyoelezwa hapo juu. Usimwonyeshe mtu. Mwishoni andika ukurasa mmoja juu ya lile ulilojifunza kuhusu saa, mahali na dhana zako.